Kifafa na Umeme wa Shingoni

Katika darasa letu la jioni hapa Ngarambe, mzee mmoja aliuliza swali. Kasikia redioni kwamba ng'ambo kifafa kinatibiwa kwa umeme. "Mwalimu, ina maana wanampiga mtu shoti?" Tulijua sababu ya kuuliza. Binti yake ana kovu la moto mkononi.

Hapigwi shoti. Daktari wa upasuaji humwekea mgonjwa chombo kidogo chenye betri chini ya ngozi ya kifua, upande wa kushoto. Waya hupita ndani mpaka kwenye mshipa wa fahamu wa shingoni. Mshipa huo haupitishi damu. Unapeleka habari kati ya ubongo na moyo, mapafu na tumbo.

Ubongo nao hufanya kazi kwa umeme mdogo sana, kila sehemu kwa zamu yake. Kifafa kikishika, ni kama mkutano wa kijiji ambao watu wote wanapiga kelele mara moja. Mtu anaanguka. Basi chombo kile hutuma umeme kidogo, kwa kawaida nusu dakika, kikapumzika dakika chache, usiku na mchana. Umeme huo ukifika shinani mwa ubongo, huamsha sehemu zinazotoa kemikali za kuzuia kelele isienee.

Mtu wa kwanza aliwekewa chombo hicho Marekani mwaka 1988. Karibu nusu ya wanaowekewa, kifafa hupungua kwa nusu au zaidi. Sauti yao hukwaruza. Na vidonge wanaendelea kumeza! Chombo ni cha wale ambao vidonge vimeshindwa kuwasaidia.

Sisi wa Ngarambe, alikogawa maji Kinjikitile mwaka 1905, tunajua watu wanavyoitamani dawa moja ya kumaliza yote. Lakini tazameni Mahenge. Mwaka 1960 Daktari Louise Jilek-Aall alianza kliniki ya kifafa huko. Aliwakuta wagonjwa wametengwa, wana makovu ya moto, maana watu waliogopa povu. Aliwapa fenobabitoni, kidonge cha bei nafuu, na wengi walipata nafuu.

Povu haliambukizi. Aliyeangukia mafigani avutwe hima, alazwe ubavu, asitiwe kitu mdomoni. Vidonge asiache ghafla, hata akikaa miezi bila kuanguka, kwani kifafa chaweza kurudi kwa nguvu na kumuua.

Mzee yule tulimwambia ampeleke binti zahanati. Akauliza kama kovu litatoka. Kovu halitoki.