Hiari Iligeukaje Amri?

Vijana wetu wengi huvidhania vitabu vya Mwingereza George Orwell kuwa ni hekaya za nchi za mbali. Sisi twaona kwamba vyatuhusu, kwani sehemu ya mambo yake yamepita hata Usevya, katika nchi ya Mpimbwe, jirani na Hifadhi ya Katavi.

Katika kitabu chake cha mwaka 1945, wanyama wamfukuza bwana wao, kisha waandika amri saba ukutani mwa ghala. Nguruwe, waliojifunza kusoma mbele ya wenzao, wazigeuza amri hizo moja baada ya moja kwa siri. Wanyama wengine wahisi kuwa maneno si yale ya kwanza, lakini kusoma hawajui sawasawa, wala kumbukumbu zao wenyewe hawaziamini. Kitabu hicho kilifasiriwa na Fortunatus Kawegere kwa jina la Shamba la Wanyama, kikachapwa mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha.

Na tutazame yaliyotupata sisi. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliandika kwamba watu hawawezi kulazimishwa kuingia katika vijiji vya ujamaa. Mwezi wa Novemba 1973 ikatangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri. Wakulima wa Mpimbwe walikuwa miongoni mwa waliohamishwa, na penginepo nchini nyumba zilichomwa moto ili wenyewe wasirudi. Ilipofika mwaka 1977, watu zaidi ya milioni 13 walihesabiwa kuwa wamo vijijini. Euphrase Kezilahabi aliyasimulia mambo hayo katika riwaya yake Gamba la Nyoka, ya mwaka 1979.

Hatusemi kwamba nchi yetu ilikuwa kama shamba lile. Serikali hiyo hiyo iliwafundisha watu wazima kusoma, na kiongozi wake aling'atuka kwa hiari yake mwaka 1985. Tena neno lile halikugeuzwa usiku. Lilitangazwa mchana kweupe. Lakini mkulima aliyeambiwa jana kuwa ni hiari, na leo kuwa ni amri, angemwuliza nani? Hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe.

Katika kitabu chake cha mwaka 1949, kiitwacho 1984, Orwell aliingia ndani ya nyumba. Kioo cha ukutani chawatazama watu na kuwasikiliza, na mtoto mdogo amshitaki baba yake kwa maneno aliyoyasema usingizini. Sisi Waislamu twajua kwamba Sura ya Al-Hujurat, aya ya 12, yakataza kupelelezana. Imepokewa pia kwamba Sayyidna Umar alipanda ukuta usiku akamkuta mtu katika maasi. Mtu yule akamjibu kwamba, ikiwa yeye amekosa mara moja, Khalifa amekosa mara tatu: amepeleleza, hakuingia mlangoni, wala hakutoa salamu. Umar akakubali, akamwacha. Mwenye kutazama aliulizwa, naye akajibu. Katika nchi ya Orwell hakuna awezaye kuuliza hivyo.

Siku hizi kioo twakibeba mfukoni wenyewe. Tangu mwaka 2020, laini za simu ambazo hazijasajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa. Usajili huo una faida yake, kwani wadanganyifu ni wengi. Lakini ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, impayo mtu haki ya kujua habari zake zilizohifadhiwa na zinatumiwaje. Haki isiyoulizwa ni kama mlango usiobishwa hodi.

Basi yatupasa nini majumbani mwetu? Kwanza, wazazi wa Usevya na kwingineko wawasimulie watoto habari za kuhama kwao, nao watoto waziandike, ili asiweze mtu kesho kuwaambia kuwa hayakuwa. Pili, tuwafundishe kusoma kila waraka kabla ya kuutia sahihi, na kuuliza kwa adabu lakini bila ya hofu. Tatu, tusirushe siri na picha za jirani katika simu. Maana twawezaje kuwalaumu watawala kwa upelelezi, hali sisi wenyewe twachungulia madirishani mwa watu?

Mwenyezi Mungu azisitiri nyumba zetu, na atujaalie kuwa wakweli wa kauli. Amin.