Mjomba, tunakwenda kumwona nani?

Msikilizaji mpenzi, Jumamosi moja ya mwezi uliopita nilifanya jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa zaidi ya miaka 20. Nilipiga pasi shati la mikono mirefu, nikang'arisha viatu, nikaenda kuwasikiliza Msondo Ngoma. Nilifuatana na mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka 19, ambaye alikubali kunisindikiza kwa sharti moja tu: mishikaki ni juu yangu.

Mara ya kwanza kuwaona ilikuwa alasiri ya Idi Mosi, nikiwa na miaka 15. Wakati huo bendi ikiitwa OTTU Jazz. Sisi watoto wa mtaani kwetu tulikuwa tunawajua waimbaji wake kwa sauti kabla ya kuwajua kwa sura, maana Radio Tanzania ilikuwa inatuamsha nao na kutulaza nao. Siku ile nilipigwa na butwaa kuona kwamba Muhidin Maalim Gurumo alikuwa mtu mzima wa rika la baba yangu. Kichwani mwangu, kwa sababu ya redio, nilikuwa nimempa umri mwingine kabisa. Pembeni yake alisimama TX Moshi William, na aliponyanyua mkono wake kuimba, ukumbi mzima ulinyamaza.

Sasa tukiwa njiani, nikawa namsimulia kijana habari hizo. TX Moshi alifariki 2006. Mzee Gurumo alistaafu muziki 2013 na kufariki 2014. Shaaban Dede, aliyeimba Msondo na Sikinde kwa nyakati mbalimbali, alitutoka 2017. Kijana akanisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza: "Mjomba, kama waimbaji wako wote wamekufa, tunakwenda kumwona nani?"

Swali hilo lilinikaa kooni. Vijana wa leo wanamjua msanii. Msanii ana jina lake, sura yake na kampuni yake, na siku akiondoka, jina linaondoka naye. Bendi zetu za dansi zilijengwa kwa mpango mwingine. Msondo ilianzishwa 1964 ikiitwa NUTA Jazz, mali ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika na kuwa JUWATA, bendi nayo ikawa JUWATA Jazz. Kilipokuja kuwa OTTU, ikawa OTTU Jazz. Watani wao wa jadi, Mlimani Park Orchestra, yaani Sikinde, walioanza 1978, walikuja kuwa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ndiyo maana tukawaita DDC. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama, Bima Lee ilikuwa ya Shirika la Bima. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi, kama karani. Gitaa halikuwa lake, lilikuwa mali ya mwajiri, na alipohama aliliacha palepale likiegemea ukuta.

Na walihama kweli kweli! Mzee Gurumo mwenyewe aliondoka Msondo 1978 akawa miongoni mwa waanzilishi wa Mlimani Park. Mwaka 1985 akachukuliwa na Orchestra Safari Sound, kisha akarejea nyumbani Msondo. Kila alipoondoka, nyimbo alizoziimba zilibaki. Jumamosi iliyofuata watu walilipa kiingilio na walitaka kuzisikia, kwa hiyo mtu mwingine alilazimika kusimama mahali pake na kuziimba. Kwa hiyo kilichokuwa kinaajiriwa hasa ni nafasi. Kuna nafasi ya sauti ya kwanza na ya pili, ya gitaa la solo, ya rithim, ya besi, ya tumba. Watu hupita, nafasi hujazwa. Hata nafasi ya TX Moshi ilipata mtu wa damu yake, kwani mwanawe, aliyekuja kujulikana kama TX Moshi Junior, naye aliingia Msondo.

Mpango huo ulikuwa na gharama yake, na si haki kuificha. Mshahara ulikwisha siku ya mshahara. Nyimbo zilirekodiwa katika studio za Radio Tanzania, zikapigwa nchi nzima kwa miaka na miaka, lakini aliyezitunga hakujenga nyumba kwa fedha za kanda zile. Mwaka 2013, baada ya takriban miaka 50 jukwaani, Mzee Gurumo alistaafu bila kumiliki gari, na ni kijana wa bongo fleva, Diamond Platnumz, aliyemzawadia moja. Wengine waliishangilia habari ile. Mimi niliisoma studioni nikashindwa kuimalizia kwa sauti yangu ya kawaida.

Wenye mali nao walikuja kuishiwa. Miaka ya 1990 mashirika ya umma yaliyumba, na redio za watu binafsi, kuanzia Radio One 1994, zikaleta ladha nyingine. Bendi zikaachwa zijitegemee. Na bendi ikijitegemea, wa kwanza kupunguzwa ni wapulizaji. Sababu ni rahisi kuielewa. Tarumbeta mbili na mdomo wa bata, yaani saksafoni, ni watu watatu wa kulipwa na kusafirishwa, wakati mpiga kinanda mmoja anaweza kuiga sauti zao kwa kubonyeza kitufe. Tena upulizaji hauazimwi. Mdomo usipofanya mazoezi kila siku unalegea. Kijana wa kawaida atajifunza wapi, kama hayumo katika bendi ya jeshi, ya polisi au ya kanisani?

Hapo ndipo hofu yangu ilipo. Wimbo wa dansi una sehemu mbili. Ya kwanza huenda taratibu, waimbaji wakisimulia mkasa wao, labda wa ndoa, labda wa ndugu mwenye roho mbaya. Ya pili ndiyo chemko: gitaa la solo linapanda, tumba zinakaza, na wapulizaji wanajibu. Maneno ya wimbo yameandikwa madaftarini. Hata gitaa, mwenye sikio zuri atalipata kwenye kanda. Lakini ile sauti ya pili ya tarumbeta, iliyojificha chini ya ya kwanza, iko katika kanda za zamani zenye mikwaruzo na katika vichwa vya watu wenye mvi.

Basi, tukafika. Bendi ikapanga vyombo, ikapiga nyimbo mbili tatu za kupasha moto, kisha tukatangaziwa kwamba mpulizaji mmoja anaumwa, tumwombee. Hatukutilia maanani. Ukaja wimbo mmoja wa siku zangu za Idi, nikasimama bila kujua nimesimama. Chemko lilipoanza, tarumbeta ikatoa swali lake, na pale palipotakiwa jibu pakawa kimya, maana mwenye jibu alikuwa amelala kwake na homa.

Msikilizaji, kimya kile hakikufika mara ya pili. Baba mmoja mwenye kofia, nyuma yetu, alilijibu kwa mdomo. Duru iliyofuata walijibu meza nzima. Ya tatu, ukumbi mzima, wakinamama na wakinababa wa miaka 45, 50, 60, tulikuwa tunapuliza tarumbeta ambazo hatukuwa nazo, na mama mmoja aliyekaa karibu na spika akiishika sauti ya chini kabisa bila kuteleza. Mpulizaji aliyebaki alishusha tarumbeta yake, akatutazama, akacheka, akaendelea.

"Mjomba, hiyo mnaimba lugha gani?" kijana akaniuliza sikioni.

"Hiyo ni tarumbeta ya pili," nikamjibu.

Saa tisa za usiku tulikuwa kwenye bajaji, tumeshiba mishikaki. Kijana alikuwa kimya, nikadhani amesinzia. Kumbe alikuwa anaijaribu ile tarumbeta kwa midomo, polepole. Alikosea pale inaposhuka. Nikamrekebisha. Dereva wa bajaji, bila kugeuka, akanirekebisha mimi.