Video ya arusi kwenye flashi moja: kwa nini kompyuta inaipitia mara mbili

Arusi ya saa tatu, kutoka kanisani hadi ukumbini, inaweza kutoka kwenye kamera ikiwa na giga 30 au zaidi. Familia inataka faili moja kwenye flashi, ya kuchomeka kwenye televisheni ya nyumbani. Na flashi nyingi bado zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haukubali faili linalozidi giga 4. Kwa wapiga video wa Goma au Bukavu, hapo ndipo kazi ya kubana video inapoanza.

Hesabu si ngumu. Giga 4 ni megabiti 32.000, na saa tatu ni sekunde 10.800. Kila sekunde inapata chini kidogo ya megabiti 3, sauti ikiwemo.

Ugumu uko kwenye kugawa. Padri akihubiri amesimama, picha haibadiliki sana, na programu inahifadhi hasa yale yaliyobadilika. Lakini wageni wakiingia na dansi, vitenge vikizunguka na karatasi za rangi zikirushwa, karibu kila kitu kinabadilika. Programu inayopita mara moja tu haioni mbali. Haijui kwamba dansi inakuja. Ikitumia biti nyingi kwenye mahubiri, bi arusi atacheza na uso wa miraba miraba.

Kwa hiyo programu inaenda safari mbili. Ya kwanza haitoi video yoyote: inatazama filamu nzima na kuandika kwenye faili wapi ni rahisi na wapi ni pagumu. Ya pili inasoma maandishi hayo na kugawa biti, kama mgawa nyama kwenye karamu aliyehesabu wageni kabla ya kushika kisu. Muda hauwi lazima maradufu, maana safari ya kwanza inaweza kufanywa haraka haraka. Safari ya tatu haiongezi mengi.

Wengi wanadhani safari mbili daima zinaleta picha nzuri zaidi. Si hivyo. Faida yake kubwa ni kufikia ukubwa uliopangwa. Kama nafasi ipo, mfano kwenye diski ya akiba, safari moja kwa njia ya ubora usiobadilika, inayoitwa RF katika programu ya bure HandBrake na CRF katika ffmpeg, ya bure pia, inatosha: faili zikilingana ukubwa, macho hayaoni tofauti. Kwa video ya kupandisha YouTube pia hakuna haja, kwani huko itabanwa upya. Na matangazo ya moja kwa moja hayawezi kupitiwa mara mbili, kwa sababu dakika ijayo bado haijapigwa.

Umeme ukikatika katikati ya safari ya pili, anayetumia ffmpeg hapotezi yote. Faili la safari ya kwanza linabaki kwenye diski, na akiacha vipimo vilevile, anaanzia safari ya pili.