Mtoto Mkristo na Insha ya Rosa Mistika

Juma hili nataka tuzungumzie swali ambalo wazazi wengi huniuliza: mtoto aliyelelewa kanisani afanye nini anapopewa riwaya kama Rosa Mistika, kisha akaambiwa aandike uhakiki wake? Wengine hutaka kitabu kifungiwe kabatini. Wengine husema asome tu apate maksi, mambo ya dini yabaki Jumapili. Mimi si padri wala mchungaji, lakini majibu yote mawili naona yanamwacha mtoto mikono mitupu.

Kwanza kitabu chenyewe. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe aliyefariki dunia Januari 2020, alikitoa mwaka 1971. Kilipigwa marufuku mashuleni nchini Tanzania kwa muda, baadaye kikarudi madarasani. Jina lake linatoka katika Litania ya Bikira Maria, na mwishoni mwa hadithi Rosa na baba yake wanasimama mbele ya Mungu, kesi yao ikasikilizwa. Basi anayedai kwamba kitabu hiki hakihusiani na Ukristo nadhani hajafika hata jaladani.

Sasa tazama insha ambayo wanafunzi wengi wa Kikristo huiandika. Rosa alifanya uasherati, Rosa akajiua, halafu kinafuata kifungu kutoka Waraka kwa Warumi, kwisha. Mwalimu wa dini anatabasamu. Lakini mtoto huyo hajahakiki kitu. Amebandika aya ya Biblia juu ya kitabu kama stempu juu ya bahasha, bila kuifungua barua iliyomo ndani.

Zakaria yuko wapi katika insha hiyo? Yule baba mlevi aliyempiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana, akamlea kwa hofu hata binti akafika chuoni hajui namna ya kuongea na mwanamume? Waraka kwa Waefeso, sura ya 6, una neno kwa akina baba kuhusu kuwachokoza watoto wao. Yuko wapi mkuu wa chuo, mtu mzima mwenye dhamana? Na Charles, aliyemwacha Rosa alipogundua kwamba si bikira, apimwe kwa kipimo gani? Mtoto aliyefundishwa vizuri atakumbuka sura ya 8 ya Yohana, pale wanaume waliposhika mawe mkononi. Atagundua kwamba kipimo cha Kikristo hakimhukumu Rosa peke yake. Na hapo ndipo sisi wazazi tunapoanza kutopenda insha za watoto wetu.

Namna hii ya kusoma si mpya. Katika Samweli wa Pili, sura ya 12, nabii Nathani hakumwendea Daudi na hotuba. Alimpa hadithi ya tajiri na maskini mwenye mwanakondoo mmoja. Mfalme akaisikiliza, akakasirika, akatoa hukumu, ndipo akaambiwa kwamba aliyehukumiwa ni yeye. Angeikatiza hadithi katikati kwa kutaja amri za Musa, asingejiona. Naye Mtume Paulo, alipohubiri Athene, alitumia maneno ya washairi wa Kiyunani waliokuwa wapagani. Ili uyatumie maneno ya mtu lazima kwanza uwe umeyasoma.

Kwa vitendo, mzazi au mwalimu amwongoze mtoto aandike kwa mpangilio. Aanze na kinachotokea, kwa haki, kama shahidi mahakamani, akitaja sehemu ya kitabu inayothibitisha. Afuate na kile anachofikiri mwandishi anakionyesha, hata kama yeye mwenyewe hakipendi. Imani ije baadaye: hapa nakubaliana na mwandishi kwa sababu hii, hapa napingana naye kwa sababu ile. Kukataa kunaruhusiwa kabisa. Mtoto anaweza kuandika kwamba picha ya Mungu iliyomo katika sura ya mwisho haimridhishi, mradi aonyeshe ni kitu gani katika picha hiyo. Neno “kibaya” peke yake lisikubaliwe.

Umri nao uangaliwe. Riwaya hii si ya Darasa la Tano. Mtoto mdogo aanze na ngano za sungura na fisi, aulizwe: sungura alipomdanganya fisi tukacheka, je, tulicheka kwa haki? Aandike mistari mitano. Akizoea swali hilo akiwa na miaka kumi, halitamshtua akifika kidato cha tatu.

Katika mtihani wa taifa, msahihishaji anataka ushahidi kutoka kitabuni, naye huenda ni Mwislamu au mtu asiye na dini. Hapo mwanafunzi ajibu swali aliloulizwa. Sehemu ya imani aiandike katika daftari lake la nyumbani, na mzazi apate muda wa kulisoma.