Onyo la kompyuta likizimwa, mwenye hisa hulipa

Asubuhi ya Agosti 1, 2012, kabla Soko la Hisa la New York halijafunguliwa, mitambo ya kompyuta ya kampuni ya udalali ya Knight Capital ilituma barua za ndani 97 kwa wafanyakazi wa kampuni hiyo. Zote zilitaja kosa katika mtambo wa kupeleka maagizo sokoni. Hakuna aliyezifanyia kazi.

Soko lilipofunguliwa saa 3:30 asubuhi, programu ya Knight ilianza kununua na kuuza hisa bila kipimo. Katika muda wa dakika 45 ilikuwa imefanya biashara zaidi ya milioni 4 katika hisa za aina 154. Hasara ilizidi Dola za Marekani milioni 460.

Siku chache baadaye kundi la wawekezaji liliiokoa kampuni hiyo kwa dola milioni 400. Kwa fedha hizo lilipewa haki ya kumiliki zaidi ya asilimia 70 ya kampuni nzima. Mwenye hisa mdogo, aliyekuwa hajui lolote kuhusu mitambo, alijikuta amebaki na kipande.

Tume ya Dhamana na Masoko ya Mitaji ya Marekani iliitoza Knight faini ya dola milioni 12 mwezi Oktoba 2013. Katika maelezo yake, Tume ilisema barua zile hazikuwa zimepangwa kuwa ishara za hatari, na kwamba kwa kawaida wafanyakazi hawakuwa wakizisoma zinapoingia. Kwa maneno mengine, onyo lilikuwapo, lakini halikupangiwa mtu wala uzito.

Mkasa wa Knight ulitokea programu ikiwa tayari kazini. Lakini ugonjwa huo huo huanzia mapema zaidi, mezani kwa mwandishi wa programu, mahali ambapo mwekezaji hafiki.

KARANI WA UKAGUZI

Kila programu huandikwa mstari kwa mstari, kama daftari la hesabu. Maandishi hayo huitwa msimbo. Kwa kuwa mwandishi ni binadamu na hukosea, zipo programu nyingine ambazo kazi yake ni kuupitia msimbo na kuonyesha palipo na shaka: thamani iliyotajwa lakini haikutumika, mstari ambao kompyuta haitaufikia kamwe, hesabu inayoweza kugawanya kwa sifuri.

Chombo cha kwanza kilichojulikana sana cha namna hii kiliitwa lint. Kilitengenezwa na Stephen Johnson wa Bell Labs, Marekani, katika miaka ya 1970, na jina lake limetokana na vinyuzi vidogo vinavyonasa kwenye nguo. Leo ukaguzi huo umo ndani ya karibu kila chombo cha kuandikia programu, na onyo hujitokeza chini ya mstari wakati mwandishi bado anaandika.

Tatizo ni wingi. Chombo kikiwashwa kwa mara ya kwanza kwenye programu ya miaka mingi, kinaweza kutoa maelfu ya maonyo kwa siku moja. Mengi huwa ya kweli lakini madogo, na mengine ni ya uongo kabisa. Mlinzi anayepiga filimbi kila paka akipita, siku mwizi akija hakuna atakayeamka.

Waanzilishi wa kampuni ya Coverity, iliyokuwa ikiuza vyombo vya aina hii, waliandika mwaka 2010 kuwa maonyo ya uongo yakizidi asilimia 30, wateja huanza kukipuuza chombo chote, pamoja na maonyo yake ya kweli. Ndipo swali la biashara linapoanza: nani anaamua onyo lipi liwashwe, lipi lizimwe, na kwa sababu gani?

LILIZIMWA KWA NIA NJEMA

Mwaka 2006 mtunzaji mmoja wa Debian, mfumo wa kompyuta unaotolewa bure na kutumika katika seva nyingi duniani, alikuwa akisumbuliwa na onyo. Chombo cha ukaguzi kililalamika kuwa programu ya OpenSSL, inayotengeneza funguo za siri, inasoma sehemu ya kumbukumbu ambayo haijajazwa kitu. Ili kulinyamazisha, mistari miwili iliyofanana iliondolewa.

Mmoja haukuwa na madhara. Wa pili ndio uliokuwa ukichanganya namba za kubahatisha ambazo ufunguo hujengwa juu yake. Baada ya kuondolewa, funguo zilizoweza kutengenezwa kwa kila aina na ukubwa hazikuzidi 32,768, idadi ambayo kompyuta ya kawaida inaweza kuijaribu yote.

Kosa hilo lilitangazwa Mei 2008, karibu miaka miwili baadaye. Wenye seva za Debian, na za Ubuntu iliyojengwa juu yake, walilazimika kutupa funguo zao na kutengeneza mpya. Onyo lilikuwa limezimwa, lakini kilichokatwa hakikuwa kengele bali nguzo.

"YOTE" ISIYO YOTE

Kampuni ya Apple ilipata mkasa wa upande wa pili. Februari 21, 2014 ilitoa marekebisho ya haraka kwa simu zake za iPhone, kwa sababu mstari mmoja wa msimbo ulikuwa umeandikwa mara mbili. Mstari huo wa ziada uliifanya simu iruke hatua ya kuhakiki saini ya tovuti inayozungumza nayo. Mtu aliyejipenyeza katikati ya mawasiliano angeweza kujifanya benki. Kompyuta za Mac zilisubiri siku nne zaidi kupata dawa yake.

Mistari iliyofuata baada ya ule wa ziada ilikuwa haifikiki tena. Chombo cha Clang, ambacho Apple yenyewe ni mfadhili wake mkubwa, kilikuwa na onyo la mistari isiyofikika. Hata hivyo, onyo hilo halikuwamo katika yale yanayowashwa kwa kawaida. Halikuwamo hata katika kundi linalowashwa kwa amri ambayo jina lake maana yake ni "yote".

Mwaka 2016 kompaila ya GCC ilianza kutoa onyo la mistari ambayo mpangilio wake unamdanganya msomaji, na safari hii likawekwa ndani ya kundi hilo la "yote".

NAMNA YA KUPANGA

Mikasa hii miwili inaonyesha kuwa kuzima ovyo ni hasara, na kuacha chombo kama kilivyotoka kiwandani pia ni hasara. Kazi iliyo katikati ni ya usimamizi zaidi kuliko ya ufundi, na mwenye duka ataielewa.

Kwanza ni kupanga uzito. Katika ESLint, chombo kinachotumiwa na waandishi wa JavaScript, kila kanuni hupewa moja ya ngazi tatu: imezimwa, onyo, au kosa. Kosa linaweza kuzuia programu isipelekwe kwa mteja. Onyo linaachwa lipite, ila chombo kinaweza pia kuwekewa kikomo cha idadi ya maonyo. IntelliJ IDEA nayo hutenganisha makosa, maonyo na maonyo hafifu.

Pili, mpango huo huwekwa katika faili moja linalokaa pamoja na msimbo. Kila mwandishi akijipangia kwenye kompyuta yake, kampuni inakuwa na mizani kumi zenye mawe tofauti.

Tatu, onyo la uongo huzimwa kwenye mstari wake tu, na sababu huandikwa pale pale. Kuzima kanuni nzima kwa ajili ya mstari mmoja ni kufunga duka kwa sababu ya mteja mmoja mkorofi.

Nne ni deni la zamani. Programu yenye maonyo 5,000 haiwezi kusafishwa kwa wiki moja. Njia inayotumika ni kuyahesabu yaliyopo, kuyaweka kando kama mizania ya kufungulia, kisha kukataa onyo lolote jipya. Deni halikui, na la zamani hulipwa kidogo kidogo.

Wapo wanaokataa deni kabisa. Gerard Holzmann wa maabara ya JPL ya NASA alichapisha mwaka 2006 kanuni kumi za programu zisizotakiwa kukosea. Ya kumi inataka maonyo yote yawashwe tangu siku ya kwanza, na msimbo upite bila onyo hata moja. Kama chombo kimechanganyikiwa, msimbo uandikwe upya ili ueleweke.

THAMANI SOKONI

Soko nalo limeona. Februari 2014, mwezi ule ule wa mkasa wa Apple, Synopsys ya Marekani ilitangaza kuinunua Coverity kwa takriban dola milioni 375. Kitengo kilichokua kutokana na ununuzi huo na mingine iliyofuata kiliuzwa mwaka 2024 kwa bei ya hadi dola bilioni 2.1. SonarSource ya Uswisi, inayoishi kwa biashara ya ukaguzi wa msimbo, ilithaminiwa kuwa na dola bilioni 4.7 mwaka 2022.

Kwa mfanyabiashara anayeagiza programu ya kuhesabu mali au kupokea malipo, na kwa mwekezaji anayeweka fedha katika kampuni inayotegemea kompyuta, maswali ya kumuuliza fundi ni machache. Je, ukaguzi wa msimbo umewashwa? Maonyo ni mangapi leo, na yalikuwa mangapi mwezi uliopita? Nani ana ruhusa ya kuzima onyo, na sababu zake zimeandikwa wapi?

Hakuna haja ya kujua kuandika hata mstari mmoja ili kuelewa majibu. Fundi anayejibu kwa namba na jina la mhusika anajua kilichomo ndani ya programu yake. Anayejibu kuwa maonyo ni mengi mno na hayasomwi, amesema kile ambacho Knight Capital walikisema kwa dola milioni 460.