Jeneza tunaligombea, mtaro tunauruka!

Leo naomba tuweke kando habari za pamba mpya na nani kamwacha nani. Kuna jambo limenikaa kooni tangu mwaka 2015, na nikilitoa tafadhali msininunie, maana nami nimo.

Ilikuwa Septemba. Kipindupindu kilikuwa kimeingia Dar es Salaam tangu Agosti, lakini mtaani kwetu, hatua chache kutoka bonde la Msimbazi, tulikichukulia kama habari ya redioni tu. Kijiweni tulikuwa tunabishana uchaguzi wa Oktoba, basi. Mpaka alfajiri moja tukasikia kilio nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mtoto wa kiume, miaka minne. Jioni yake nilimwona kwa macho yangu anakimbiza tairi. Usiku akaanza kuharisha maji matupu na kutapika. Nyumbani walidhani ni tumbo la kawaida, wakangoja kukuche. Ugonjwa huu haungoji kukuche, jamani. Unakausha maji mwilini kwa saa chache tu. Laiti wangemnywesha maji safi, lita moja kwa vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, huku wanakimbilia hospitali usiku ule ule, pengine leo angekuwa kidato.

Mabwana afya walikuja na bomba la dawa, wakasimamia kila kitu, na matangani ikawa marufuku kupika. Lakini makaburini, bwana wee, vijana tulijaa! Kanzu nyeupe, kofia za mkono. Jeneza dogo vile, mikono thelathini inaligombea. Kwenye kufukia ndiyo usiseme: mwenzio hajatupa majembe matatu umeshamnyang'anya, "Lete, nami nipate thawabu." Kila mtu alitoka pale na vumbi la kaburi kwenye kanzu na roho imetulia.

Tukarudi kwa makundi. Sasa ili ufike kwetu lazima uvuke mtaro. Mtaro wenyewe usiuone! Maji meusi, mifuko ya rambo (wakati huo ilikuwa bado ruksa, ilikuja kupigwa marufuku Juni 2019), nepi, na vitu ambavyo mhariri hatoruhusu niviandike. Tukapandisha kanzu magotini tukauruka mmoja mmoja kama mbuzi.

Ng'ambo alikuwa amekaa babu yetu muuza kahawa na dele lake. Akatutazama mpaka wa mwisho alipotua.

"Mmezika vizuri," akasema. "Kuzika ni nini vile?"

"Fardhi kifaya, babu," tukajibu kwa mkupuo, kama tupo chuoni.

"Na hili lililomuua?" Akauonyesha mtaro kwa kidevu.

Kimya. Mshikaji mmoja akajikakamua: "Hiyo kazi ya Manispaa, babu."

"Ahaa. Na Manispaa wakikataa kumzika mamako, utamwacha hapo?"

Hakuna aliyekunywa kahawa siku ile.

Kwa wale mliokuwa mkitoroka chuoni, tukumbushane kidogo. Kuna fardhi ya kila mtu na lake: swala, saumu, hizo huwezi kumtuma mtu. Halafu kuna hii kifaya, ambayo ni deni la mji mzima. Wakitokea wa kutosha wakalilipa, waliobaki wamesalimika. Asipotokea hata mmoja, dhambi inawaenea wote walioweza wakakaa. Sasa sisi vijana wa mjini fardhi yote hiyo tumeifungia ndani ya jeneza! Ukimuuliza mtu atakutajia maiti tu. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliuweka utabibu humo humo, na kilimo, na hata ushonaji, maana mji hauishi bila hayo. Akalalamika kwamba watu wanajazana kwenye elimu ya mabishano ya sheria, yenye vyeo na sifa, wakati kuna miji haina hata tabibu mmoja Mwislamu. Miaka mia tisa imepita. Nenda leo kwenye mihadhara yetu uhesabu mabishano, kisha uhesabu mitaro iliyozibuliwa.

Na si Ghazali peke yake. Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba imani ina matawi sabini na ushei, na la chini kabisa ni kuondoa kero njiani. Watu wakisikia "la chini kabisa" wanadhani ni la kupuuza. Mimi nalisikia vingine: kama hata hilo la chini limenishinda, ya juu nimeyafikiaje? Alitoa pia mfano wa watu waliopanda jahazi moja, wengine juu, wengine chini. Wa chini wakachoka kupanda kuteka maji, wakataka kutoboa tundu upande wao, eti wasiwasumbue wa juu. Wakiachwa watoboe, wanazama wote. Ukiishi bondeni mfano huo huhitaji kutafsiriwa.

Wazee wetu wa pwani walikuwa wanalijua hili. Katika magofu ya Gedi, kule Kenya, msikiti mkuu una kisima chake na birika lake. Maji na swala vilijengwa kwa mkupuo mmoja. Sisi leo tunang'arisha zulia la ndani, ukitoka nje unaziba pua.

Basi tukajikusanya vijana kama kumi na wawili, kikundi kisicho na jina wala kadi. Ijumaa baada ya swala tukawaendea wazee wa msikiti. Kulikuwa na fedha za mchango. Tukaambiwa ni za zulia. Mzee mmoja akaongeza, "Mambo ya mitaro ni siasa, na huu ni wakati wa uchaguzi." Simlaumu sana, kila mgombea alikuwa anapita na ahadi ya mtaro. Ofisi nyingine tukaambiwa tuandike barua, tukaandika, nadhani wanaisoma mpaka leo.

Waliotuokoa ni akina mama wa maulidi. Hawakuitisha kikao. Walikata kwenye upatu wao wakanunua makoleo matano na glovu. Na Jumamosi ya kwanza, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mtu wa kwanza kufika alikuwa mpangaji mmoja mwimba kwaya, kaja na toroli lake. Mimi niliyepiga domo kuliko wote niliamshwa saa mbili. Sikujitetea.

Tarehe 9 Desemba mwaka ule Rais Magufuli akafuta sherehe za Uhuru, akaagiza nchi nzima ifanye usafi. Mtaa mzima ulitoka, hata masista duu na kucha zao. Tukapiga picha. Lakini tope tulilitundika ukingoni tukingoja gari, gari halikuja, mvua ikashuka, tope likarudi mtaroni lilikotoka. Tulizoa uchafu ule ule mara mbili! Mara ya pili tukachanga, tukakodi kirikuu.

Sasa nije kwenye lile lililonikaa kooni.

Kwetu uswahilini kuna kitu kinaitwa kutapisha choo. Mvua kubwa ikinyesha usiku, mwenye nyumba anatoka na jembe, anazibua bomba nyuma ya shimo, mzigo wote unaondoka na maji. Asubuhi choo kitupu, hela ya gari la kunyonya imebaki mfukoni. Na mabomba ya maji ya kunywa ya wengi wetu yanapita ndani ya mtaro huo huo. Maji yakikatika, bomba lenye tundu linanyonya uchafu. Yakirudi, unafungulia kwenye ndoo yako.

Kwetu aliyekuwa anatoka na jembe ni baba mdogo. Ndiye aliyenilea. Bomba letu lilikuwa linavuja hata kiangazi, na nyumba ya yule mtoto iko chini yetu. Sisemi choo chetu ndicho kilichomuua. Mtaro ule una wachangiaji wengi. Nasema tu kwamba nililijua bomba lile tangu nina miaka kumi, na siku ya mazishi nilikuwa mstari wa mbele kunyang'anya jembe.

Kukataza mabaya ni rahisi ukimkataza jirani. Kumwambia mtu mzima aliyekulipia ada, hapo ulimi unakuwa mzito, na adabu inakuwa kisingizio kizuri sana. Lakini Sura ya Nisaa haijatuachia mlango: inataka tusimamie haki hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Nikazunguka nayo wiki mbili. Jioni moja nikajitosa.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Sema, maana umekaa kama mtu anataka kuposa."

Nikasema. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakufoka, na hilo likanitisha zaidi.

"Gari la kunyonya linataka hela," akasema. "Wewe unafanya kazi mwaka wa tatu sasa. Unakaa chumba cha mbele bure. Choo unakitumia. Umewahi kuuliza nani analipa?"

Wasomaji, hapo sikuwa na aya. Nilikuwa na viatu viwili vipya chini ya kitanda. Nikatoa nusu, wapangaji wanne wakachanga iliyobaki, yeye akaongezea fundi wa kuziba bomba. Kwa muda hatukuongea vizuri. Salamu tu na chakula.

Masika ya 2016, usiku wa saa nane hivi, mvua inapiga bati kama mawe, nikasikia jembe nyuma ya nyumba. Moyo ukaniruka. Nikatoka na tochi, kanga ya mama mdogo kichwani. Kweli, baba mdogo huyo, ameinama penye bomba, maji yamemfika ugokoni.

"Hulali?" akauliza bila kugeuka.

"Nimesikia jembe."

"Nashindilia. Fundi wako kaziba ovyo, maji yanataka kulifungua."

Nikashika mawe, yeye akashindilia udongo. Tukaa pale mpaka mvua ikapungua, na ilipopungua ikatujia harufu kutoka upande wa juu. Nzito, ya kutapika. Kuna mtu kule alikuwa ameshafungua la kwake.

Baba mdogo akasimama, akaegemea mpini wa jembe.

"Kesho twende wote," akasema. "Ila nianze mimi kusema. Yule nilisoma naye chuoni, namjua tangu anaiba maembe."