Hendsamu wa sura, hendsamu wa mkono

Neno "handsome" limeshapata uraia mitaani kwetu. Kinyozi akimaliza kazi humgeuzia mteja kioo na kumwambia, "Umekuwa hendsamu, kaka." Shangazi naye akimwona mwanawe kavaa suti humchokoza: "Haya hendsamu, mkwe tunamwona lini?" Kwetu huambiwa mwanamume tu, tena kwa sura na mavazi.

Waingereza wenyewe hawakuanzia usoni. Ndani ya neno hilo mna "hand", yaani mkono, na katika karne ya 15 lilitajwa kwa kitu kinachoshikika vyema, kisichosumbua kukitumia. Waholanzi wana ndugu yake, "handzaam", na kwao maana ni hiyo mpaka leo. Karne ya 16 likapanda ngazi: likawa kinachofaa, kisha chenye umbo la kupendeza. Hapo ndipo binadamu walipoingia, wake kwa waume. Jane Austen, katika riwaya yake Emma iliyotoka Desemba 1815, analitumia kumtambulisha mhusika wake mkuu, binti anayekaribia miaka 21.

Leo binti wa umri huo akiitwa hivyo huenda akanuna. Kwa mwanamke neno hili limebaki sifa ya mtu mzima, mwenye haiba na sura ya kuheshimika. Wasichana wameachiwa "pretty", ambalo katika Kiingereza cha kale lilimaanisha mjanja, mwenye hila. Sijui nani kapunjika zaidi hapo.

Ila tawi tuliloliacha kabisa sisi ni la ukarimu. Kwa Mwingereza, zawadi nono ni "handsome", faida nene vilevile, hata timu ikishinda kwa mabao mengi. Methali yao husema kuwa hendsamu ni mwenye matendo ya kihendsamu, jirani kabisa na yetu ya uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kwa maoni yangu tuliazima upande hafifu wa neno. Mtu nadhifu tulikuwa naye tayari, mtanashati, na hakuhitaji msaada kutoka ng'ambo.

Basi ukikuta tangazo la kazi la Kiingereza linaahidi mshahara "handsome", usikimbilie kusaini. Uliza kwanza ni shilingi ngapi, maana neno lenyewe halitaji kiasi.